SOMO LA USALAMA KAZINI: Kengele ya Mzamiaji na Haki ya Kusimamisha Kazi



Somo la leo ni juu ya mwenzetu afanyaye kazi chini ya maji, na juu ya chombo kidogo anachovaa mkononi mfano wa saa. Chombo hicho huitwa kompyuta ya kuzamia, na ndani yake mna kengele za kumwonya. Tutaeleza kila kengele inasema nini, ni hatari gani haizijui, na nani mwenye haki ya kuamua inapolia.

Wengine watauliza: sisi ni watu wa chai, wa saruji na wa mpunga, wazamiaji wanatuhusu nini? Wanatuhusu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba hapa Kamembe tunaishi na maji. Ziwa Kivu liko mlangoni petu, na mto Rusizi unatoka ziwani hapa hapa, kati yetu na Bukavu. Kwenye mto huo kuna bwawa la Mururu, yaani Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini yake kuna Ruzizi ya pili, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Kongo. Taka za plastiki zinazotupwa huku juu hushuka na maji mpaka bwawani na kuziba njia za mitambo. Katika miaka hii ya 2020 waandishi wa habari wameonyesha wazamiaji wakishuka Ruzizi ya kwanza kuondoa taka hizo, ambazo hufika kina cha mita 14 hivi. Umeme wa mto huu huwasha taa pande zote mbili za mpaka. Basi kuna mtu anayeingia kwenye maji ya matope ili taa hizo zisizimike. Huyo ni mfanyakazi kama sisi.

Sababu ya pili ni kwamba kila mahali pa kazi pana kengele yake. Boila ya kiwanda cha chai ina kipimo cha mvuke. Tanuri la saruji lina vipimo vya joto. Mashine ya kusaga ina swichi ya kuizima kwa haraka. Swali ni lile lile kila mahali: ikilia, nani anasimama, na nani anamwambia endelea?

1. Ugonjwa wa wajenzi wa madaraja

Watu wengi hudhani kuzamia ni mchezo wa watalii. Lakini ugonjwa ambao kompyuta hii inauzuia ulijulikana kwanza kwa vibarua. Katika karne ya 19, wajenzi wa madaraja huko Marekani walifanya kazi ndani ya makasha makubwa yaliyozamishwa mpaka chini ya mto. Hewa ilisukumwa ndani ya kasha kwa nguvu ili maji yasiingie. Watu walichimba udongo humo, kisha wakapanda juu upesi kwenda nyumbani. Baada ya muda mfupi wengine walianza kulia kwa maumivu ya magoti na viwiko, wengine wakapooza, wengine wakafa. Katika daraja la St. Louis, lililofunguliwa mwaka 1874, walikufa zaidi ya watu kumi. Katika daraja la Brooklyn, New York, hata mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872 na afya yake haikurudi kama zamani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo vibarua wa kasha waligoma, wakidai dola 3 kwa siku ya saa nne.

Mwaka 1878 mwanasayansi wa Ufaransa, Paul Bert, alionyesha kwamba chanzo cha ugonjwa ni viputo vya nitrojeni mwilini. Mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane alitoa majedwali ya kumwonyesha mzamiaji apande kwa hatua zipi, baada ya kuyajaribu kwa mbuzi. Kwa miaka mingi wazamiaji walibeba majedwali kama hayo yakiwa yamechapwa. Kompyuta za kuvaliwa zilianza kuuzwa kwa wazamiaji wa kawaida mwaka 1983. Kwa hiyo mkumbuke kwamba elimu iliyo ndani ya saa hii ililipiwa kwa miili ya wafanyakazi.

2. Maji yanaufanyia nini mwili

Chukua chupa ya Fanta. Ikiwa imefungwa huoni povu, kwa sababu gesi imebanwa ndani ya maji. Ifungue ghafla, povu litafurika. Ifungue pole pole, gesi itatoka kidogo kidogo bila fujo.

Mwili wa mzamiaji ni kama chupa hiyo. Hewa tunayovuta ina nitrojeni karibu sehemu nne katika tano. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo kwa kadiri ya uzito wote wa hewa ulio juu ya bahari. Kadiri mtu anavyoshuka na kukaa, ndivyo nitrojeni inavyozidi kuingia katika damu na nyama yake. Akipanda pole pole, hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa haraka, hugeuka viputo, na viputo huziba mishipa na kuumiza viungo na uti wa mgongo.

Hatari nyingine ni ya mapafu yenyewe. Mtu aliyevuta hewa ya mtungi chini ya maji, akipanda huku amezuia pumzi, hewa hiyo hupanuka na inaweza kupasua mapafu, hata kutoka mita chache tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kila mzamiaji wa mtungi ni hii: usizuie pumzi kamwe.

3. Kengele zenyewe na maana yake

Kompyuta hupima mambo mawili makubwa, kina na muda. Kwa hayo hupiga hesabu ya nitrojeni iliyoingia mwilini. Kengele zake hutofautiana kidogo kwa aina ya chombo, lakini zilizo muhimu ni hizi:

(a) Kengele ya kupanda kwa haraka. Hulia mzamiaji anapozidi mwendo uliowekwa, ambao kwa kompyuta nyingi za leo ni mita 9 au 10 kwa dakika. Ikilia, punguza mwendo mara moja na uendelee kupumua. Usishuke tena bila mpango.

(b) Kengele ya kina. Mzamiaji huiweka mwenyewe kabla ya kuingia majini. Kama kazi iko mita 14, aiweke karibu na hapo. Ikilia, maana yake amepita mahali pa kazi yake.

(c) Dakika zilizobaki. Kompyuta huonyesha muda anaoweza kukaa bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Baharini, kwa majedwali mengi, mtu huruhusiwa kama saa moja kwa mita 18, lakini kama dakika 20 tu kwa mita 30. Namba ikikaribia sifuri ni wakati wa kuondoka. Usingoje ifike.

(d) Kengele ya kituo. Dakika zikiisha, kompyuta humwamuru mzamiaji asimame kwenye kina fulani kwa muda fulani kabla ya kutoka. Akipita kituo hicho bila kusimama, kengele hulia kwa nguvu. Asiporudi chini ya mpaka huo, kompyuta nyingi hukataa kumpigia hesabu kwa saa 24 au zaidi. Chombo kinakuwa kimesema: mtu huyu asizame tena leo. Hata pasipo amri hiyo, ni desturi njema kusimama mita 5 kwa dakika 3 kila mara.

(e) Kengele ya hewa. Katika kompyuta zinazopokea habari za mtungi, kengele hii hulia hewa inapopungua. Wengi huiweka kwenye bari 50, yaani akiba ya kurudia juu. Akiba hiyo si ya kumalizia kazi. Kumbuka pia kwamba kwenye kina cha mita 20 baharini mtungi huisha mara tatu upesi kuliko juu, maana kila pumzi inabeba hewa mara tatu.

(f) Kengele ya oksijeni. Inawahusu wanaotumia hewa iliyoongezwa oksijeni. Oksijeni ikizidi chini ya mgandamizo inaweza kumtia mtu kifafa majini. Hewa yenye oksijeni asilimia 32, kwa mfano, baharini haitumiki chini ya mita 33 hivi.

(g) Alama ya betri. Betri ikiwa dhaifu, usizame. Chombo kinachozimika chini hakimwonyi mtu.

Kila mzamiaji awe na kompyuta yake. Wawili wasitumie moja, na mtu asibadilishe na mwenzake katikati ya siku, kwa sababu chombo kinakumbuka nitrojeni ya yule aliyekivaa asubuhi.

4. Milima yetu inabadili hesabu

Hapa wenzetu wa Kamembe sikilizeni vizuri. Majedwali ya kawaida yalitengenezwa kwa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Tanga kwa kama asilimia 16. Mzamiaji anayetoka chini huku anatokea kwenye hewa nyepesi, na ile chupa yetu ya Fanta inafunguliwa zaidi. Tukipiga hesabu, mita 14 za ziwa letu ni kama mita 16 za baharini, na mita 20 za huku ni kama 23 za kule. Mtu mwenye jedwali la bahari atadhani ana dakika nyingi kuliko alizo nazo.

Kompyuta nyingine hutambua mwinuko zenyewe, nyingine hutaka kuwekewa kwa mkono. Soma kitabu chake. Iwashe nje ya maji kabla ya kuzama, ili ipime hewa ya mahali. Tena, mtu aliyepanda leo kutoka pwani asizame leo hii, kwani mwili wake bado una nitrojeni ya huko chini.

Kuna kengele nyingine ambayo wengi huidharau, alama ya kukataza ndege. Wataalamu hushauri kungoja saa 12 baada ya kuzama mara moja bila kituo, saa 18 baada ya kuzama mara nyingi, na zaidi ya hapo kama palikuwa na vituo vya lazima. Kwetu alama hii haihusu uwanja wa ndege wa Kamembe peke yake. Barabara ya kwenda Kigali hupita msitu wa Nyungwe, ambako gari hupanda zaidi ya mita 2,000. Mzamiaji amalizaye kazi saa tisa na kupanda basi saa kumi anaupeleka mwili wake kwenye hewa nyepesi zaidi, viputo vikiwa bado ndani. Alale Kamembe. Na mwajiri alipe malazi hayo, kwa maana ni sehemu ya kazi.

5. Yale ambayo kengele haiyajui

Ndugu, chombo hiki kinapima kina na muda. Hakina macho. Hatari kubwa za bwawani haizioni.

Haioni mvuto wa maji. Mahali maji yanapoingia kwenye mtambo, au penye tundu katika ukuta wa bwawa, maji huvuta kwa nguvu ambayo hakuna mtu wa kushindana nayo. Mzamiaji akibanwa kwenye wavu, kompyuta itaendelea kuhesabu dakika zake kwa utulivu. Dawa ya hatari hii iko juu. Mtambo uzimwe, mlango wa maji ufungwe, kufuli itiwe, na ufunguo akae nao mzamiaji au mshika kamba wake mpaka atoke. Maneno ya “tumezima” hayatoshi bila kufuli.

Haioni hewa mbaya. Mashine ya kujaza mitungi ikivuta hewa karibu na moshi wa injini, mtungi utakuwa na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Huku kando ya Kivu tunajua kwamba hewa mbaya huua kimya kimya: kule kaskazini, pande za Goma, watu huita mazuku hewa nzito ya kaboni inayolala mabondeni. Kengele ya mzamiaji hailii kwa lolote kati ya hayo.

Haioni uchovu, homa wala pombe ya jana. Haijui kwamba mtu amekunywa maji kidogo au amebeba mizigo tangu alfajiri.

Tena penye matope mtu hawezi kusoma kioo hata akikileta machoni. Ndiyo maana mzamiaji wa kazi asiachwe na kompyuta peke yake. Lazima awepo mshika kamba juu, mwenye saa na daftari, na alama za kuvuta kamba walizokubaliana. Lazima awepo na mzamiaji wa pili aliyevaa tayari kumwokoa.

6. Walio juu na haraka yao

Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, likazama na mama na binti yake. Walipatikana tarehe 11 Oktoba, siku ya 13, kwenye kina cha mita 58. Nchi nzima ilikuwa ikitazama, na watu walikasirika wakiuliza kwa nini wazamiaji wanachelewa. Uchungu wa familia ulikuwa mkubwa, na swali lao la haki. Lakini mtazame hesabu: kwenye mita 58 mgandamizo ni karibu mara saba ya juu. Anayevuta hewa ya kawaida hapo hulewa nitrojeni kama mlevi wa pombe, na dakika chache za kukaa hulipwa kwa muda mrefu wa kupanda. Mkondo ulikuwa mkali na maji hayaonekani vizuri. Aliye juu huona saa zinapita, na aliye chini ana dakika zake tu.

Kazini ni hivyo hivyo. Kapita anasema, “Bado gunia moja la plastiki, malizia.” Mwenye malipo kwa kipande hujisemea hivyo mwenyewe. Mchuma chai alipwaye kwa kilo anaijua sauti hiyo, humwambia aendelee ingawa mgongo unauma na mvua ya mawe inakuja. Malipo ya kipande humfanya mfanyakazi azime kengele kwa mkono wake. Kwa sababu hiyo tunasema kazi ya hatari ilipwe kwa siku, na siku hiyo ilipwe yote hata kengele ikiisimamisha saa nne asubuhi.

Sheria iko upande wetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya karibu, kwa sababu za haki, alindwe asiadhibiwe. Tena mwajiri hawezi kumtaka arudi mpaka hatari irekebishwe. Mkataba huo huo unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliuweka mkataba huu kati ya mikataba ya msingi. Na sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake.

7. Mambo ya kudai kabla mtu hajaingia majini

Moja: kompyuta kwa kila mzamiaji, imewekwa kwa mwinuko wetu, na betri nzima, kwa gharama ya mwajiri.

Mbili: kufuli na ufunguo wa mtambo.

Tatu: mshika kamba, na mzamiaji wa pili aliye tayari.

Nne: oksijeni safi ukingoni. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, miguu kulegea au mkojo kukataa kutoka baada ya kuzama, ni dalili za ugonjwa wa viputo. Mgonjwa apewe oksijeni, alale, wala asirudishwe majini “kujitibu”.

Tano: kabla ya kazi ijulikane kwa maandishi chumba cha mgandamizo cha kutibia kiko wapi, mgonjwa atafikishwaje huko bila kupandishwa juu sana, na nani atalipa.

Sita: neno moja la mzamiaji au la mshika kamba litoshe kusimamisha kazi, na sababu iulizwe akiwa ameshatoka.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika idara yako kuna kengele au kipimo gani? Mara ya mwisho kilipoonya, nani aliamua, na aliamua nini?
2. Ufunguo wa mashine yako hukaa kwa nani wakati wa matengenezo?
3. Malipo yenu ni ya siku au ya kipande? Yanamshawishi nani kuendelea penye hatari?
4. Mtu akisimamisha kazi leo kwa sababu ya hatari, wenzake watasema nini? Afadhali mkubaliane jibu sasa, kabla siku hiyo haijafika.

Majibu ya kila kikundi yaandikwe na kuletwa kwa mjumbe wa chama, ili yaingie katika madai yetu kwa waajiri.